Jina la Mpiga Picha Liandikwe

Wako wenzetu wasemao kwamba mchoraji ni msanii, lakini mpiga picha ni mshika mtambo tu. Ati kamera ndiyo ifanyayo kazi, yeye hubonyeza. Katika mdahalo wa muhula uliopita hoja hiyo ilipigiwa makofi mengi, nasi wa upande wa pili tukashindwa kwa kura. Haya, kura ni kura. Lakini sijasadiki bado, na naomba nafasi kidogo nieleze sababu.

Tumtazame Seydou Keïta wa Bamako, mji mkuu wa Mali. Alizaliwa yapata mwaka 1921, wakati nchi ile ilipokuwa chini ya Wafaransa. Hakusoma shule, alifundishwa useremala. Mwaka 1935 jamaa yake mmoja alirudi kutoka Senegal na kamera ndogo ya Kodak, akampa. Mwaka 1948 akafungua studio nyumbani kwao, karibu na gereza la mji.

Na studio yenyewe ilikuwa nini? Ua, mwanga wa jua, na kitambaa kilichotundikwa nyuma ya mteja. Kitambaa cha kwanza kilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe! Kila baada ya miaka miwili mitatu alikibadili, hata uzeeni aliweza kutambua picha ni ya miaka gani kwa kutazama kitambaa tu. Alikuwa pia na suti, tai, saa, kalamu na redio, kwa mteja apendaye kupigwa picha navyo. Asiye na saa alionekana na saa mkononi. Wengine watasema huo ni uongo. Mimi sioni hivyo. Nani kati yetu huenda kupigwa picha na shati la kulimia?

Sasa sikilizeni. Kwa sababu ya gharama, mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu. Sisi wenye simu twapiga ishirini, kisha twachagua iliyo afadhali, na pengine hatuchagui kabisa. Yeye uchaguzi wote aliufanya kabla: mteja akae au asimame, bega ligeukie wapi, mkono upumzike juu ya nini, maua ya gauni yapatane vipi na maua ya kitambaa. Alipoulizwa baadaye, alieleza kwamba kupiga picha ni jambo rahisi, ila yeye alijua namna ya kumweka mtu. Basi kubonyeza kulikuwa mwisho wa kazi, wala si kazi yenyewe. Anayebisha na ampe mtu mwingine kamera ile ile na tandiko lile lile, tuone.

Linaloniuma ni hili. Mwaka 1991 picha zake zilitundikwa katika maonyesho huko New York, zikaandikwa kwamba mpigaji wake hajulikani. Naye alikuwa hai, yuko kwao Bamako, na filamu zake kwa maelfu amezihifadhi! Alitafutwa, akapatikana, na mwaka 1994 yakafanywa maonyesho ya picha zake peke yake mjini Paris. Alifariki mwaka 2001. Shukrani kwa waliomtafuta. Lakini mtu akiamini kwamba mtambo ndio uliofanya kazi, ataona haja gani ya kuuliza jina?

Na sisi je? Katika gazeti letu kila shairi lina jina la mtunzi, hata lile ambalo vina vyake vimepotea njiani. Toleo lililopita lilikuwa na picha ya timu ya mpira, ya kwaya, na ya shamba la ndizi. Hakuna hata moja yenye jina la mpigaji. Aliyepiga ile ya kwaya alipanda juu ya benchi, akawasogeza wenye sauti nzito karibu na ukuta, akangoja mpaka wingu likapita. Nalijua hilo kwa kuwa nami nilisimama safu ya nyuma, nikichomwa na jua lake.

Kwa hiyo namwomba Ndugu Mhariri: kuanzia toleo lijalo, chini ya kila picha liandikwe jina la aliyeipiga, kwa herufi za ukubwa ule ule wa mtunzi wa shairi. Ni mstari mmoja tu.