Laivu ya Ngokolo imfikie aliyeko Katoro

KUTOKA NGOKOLO
Na Kabula Masanja

Kijana anayerusha laivu harusi ya hapa Ngokolo, Shinyanga, kwa simu yake hupata watazamaji wachache, karibu wote ndugu waliotumiwa linki kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Picha imetulia, ngoma inasikika vizuri, MC amechangamka. Msukuma aliyeko Katoro au Nyarugusu, kwenye machimbo ya Geita, ambaye angeitazama kwa furaha jioni ile ile, hana habari. Kosa si la kijana. Kosa ni la namna majukwaa ya laivu yanavyopanga chaneli.

Twitch, iliyoanza 2011 na kununuliwa na Amazon 2014, kwa miaka mingi ilizipanga kwa idadi ya watazamaji: mwenye maelfu juu, mwenye watatu chini kabisa, ambako hakuna anayefika. Aliye juu anaonekana kwa kuwa ana watu, na anapata watu kwa kuwa anaonekana. Siku hizi majukwaa hukisia pia utakachopenda kutokana na ulichotazama jana, lakini hata makisio hayo humfaa zaidi mwenye jina kuliko anayeanza.

Usukumani tuna utaratibu ulio bora kuliko huo. Bagalu na Bagika, vyama vya ngoma vinavyotokana na waganga wa kale Gumha na Ngika, hushindana katika uwanja mmoja, kwa wakati mmoja. Watazamaji hutembea kati ya pande hizo mbili, na upande uliovuta umati mkubwa ndio ulioshinda. Idadi inaamua hapo pia, ila inaamua mwishoni, watu wakishasikia ngoma zote. Kwenye tamasha la ngoma la Bulabo kule Bujora, manju chipukizi anaweza kumnyang'anya mkongwe umati kabla jua halijazama, kwa sababu wote wawili wanasikika. Kwenye simu hapewi nafasi hiyo.

Ninachodai kwa majukwaa ni kupanga chaneli kwa mahali na lugha. Ukitafuta kitu YouTube, unaweza kuchuja matokeo yabaki yale tu yanayorushwa sasa hivi; wengi hawajui kwamba kichujio hicho kipo, kitumieni. Lakini huwezi kuendelea ukasema: kutoka Shinyanga, kwa Kisukuma. Unabaki kufungua moja baada ya nyingine, na kila unayoifungua inakula bando. Mchimbaji aliyenunua bando la siku hawezi kulimaliza kwa kupekua.

Warushaji nao wana kazi. Kichwa kama "LAIVU: HARUSI YA KIBABE" hakimsaidii yeyote anayetafuta. Andika harusi, Ngokolo, Shinyanga, ngoma ya bugobogobo, tarehe. Halafu tupeane watazamaji. Twitch tangu 2017 ina kitufe ambacho mrushaji anayemaliza hukitumia kuwahamishia watazamaji wake wote kwa mwenzake aliye hewani. Kitufe kisipokuwepo, mdomo unatosha: mechi ya Stand United ikiisha pale Kambarage, anayeirusha aseme nani yuko laivu Kahama, aweke na linki. Wanaorusha misa kutoka Kanisa Kuu la Mama Mwenye Huruma wafanye hivyo hivyo kwa kwaya za parokia ndogo.

Wapo wanaosema haya tuwaachie wenye majukwaa huko Marekani. Sikubali. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inatoa leseni kwa watoa maudhui mtandaoni tangu kanuni za 2018, wakati ambapo ada zake kwa jumla zilizidi shilingi milioni 2, kabla ya kupunguzwa baadaye. Walioomba leseni walilipa na kujaza fomu, na mamlaka inazo taarifa zao. Orodha hiyo ipangwe kwa mikoa na wilaya, na kila chaneli iwekewe linki yake, ili mtu wa Geita anayetaka kuona Shinyanga aanzie hapo. Hiyo ni kazi ya ofisini, haihitaji mtambo mpya.

Kwa wasio na leseni, wanaorusha harusi na ngoma tu, tunayo Radio Faraja hapa hapa mjini. Naiomba itenge dakika chache, warushaji watume majina ya chaneli na saa za kuingia hewani, na ratiba isomwe Ijumaa jioni, kabla watu hawajanunua bando la wikiendi.