Mgeni wa Siku Moja Katika Mji wa Maji

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Maneno hayo hayakusemwa kwa uchoyo. Maana yake ni kwamba mgeni aheshimiwe kwanza, kisha naye ashike kazi ya nyumba inayomlisha. Lakini mgeni asiyelala hata usiku mmoja, atapewa jembe lini? Swali hilo ndilo linalowasumbua wenyeji wa Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, na siku moja ya abiria wa meli ya matembezi yatosha kulieleza.

Zamani meli kubwa za watalii zilipita karibu kabisa na uwanja wa San Marco, zikiwa na kimo kupita majumba yenyewe. Tarehe 2 Juni, 2019, meli moja ya namna hiyo iligonga gati na mashua ya wageni, watu kadhaa wakaumia. Tangu tarehe 1 Agosti, 2021, Serikali ya Italia imezikataza meli za tani zaidi ya 25,000 kupita njia ile. Kwa hiyo abiria wengi wa meli kubwa hushukia Marghera, bandari ya viwanda iliyo bara, au bandari nyingine za mbali zaidi, kisha huchukuliwa kwa basi. Basi huvuka hori kwa daraja refu lililofunguliwa mwaka wa 1933, na mwisho wa daraja hilo ndio mwisho wa magari yote.

Kuanzia hapo mtu huenda kwa miguu au kwa chombo. Motaboti za abiria hupita Mfereji Mkuu, ambao urefu wake ni karibu kilomita 4, zikisimama kituo hata kituo kama mabasi. Si wasafiri tu wanaotumia maji. Wazima moto, polisi na wachukuzi wa wagonjwa wote wana mashua zao. Matofali, mboga na takataka hupita mumo humo, na hata maiti huvushwa kwenda makaburini katika kisiwa cha San Michele.

Mji umeenea juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100, vilivyounganishwa kwa madaraja zaidi ya 400. Daraja la mawe la Rialto lilimalizika mwaka wa 1591, na bado hubeba maelfu ya watu kila siku. Chini ya daraja hilo na majumba mengi kuna nguzo za miti zilizopigwa ndani ya tope, zikisongamana kama meno ya chanuo. Huko chini hewa ni haba mno, na kwa sababu hiyo miti haiozi upesi kama iliyo juu ya ardhi.

Mkulima atapendezwa zaidi na visima. Maji yaliuzunguka mji pande zote, lakini yalikuwa ya chumvi. Basi wenyeji walichimba shimo kubwa katikati ya kila uwanja, wakalizungushia udongo wa mfinyanzi na kulijaza mchanga, kisha wakatandika mawe juu kwa mteremko. Mvua iliponyesha, maji yaliingia katika matundu ya mawe, yakachujwa na mchanga, yakakusanyika kisimani. Visima hivyo vilikuwa tegemeo la mji hata mwaka wa 1884, maji ya bomba yalipoletwa kutoka bara.

Maji yaliyo rafiki huweza pia kuwa adui. Tarehe 4 Novemba, 1966, bahari ilijaa kufikia sentimita 194 juu ya kipimo cha mji, na tarehe 12 Novemba, 2019, ilifika sentimita 187. Sehemu ya lawama ni ya wanadamu wenyewe, kwa kuwa viwanda vya bara vilivuta maji mengi kutoka chini ya ardhi, na mji ukadidimia, hata uvutaji huo ukazuiliwa katika miaka ya 1970. Siku hizi kuna milango 78 ya chuma katika milango ya bahari. Milango hiyo hulala chini ikiwa imejaa maji. Bahari ikitishia, husukumiwa hewa, ikainuka na kuziba njia. Ilizuia maji kwa mara ya kwanza tarehe 3 Oktoba, 2020.

Alasiri abiria huingia madukani kutazama vioo vya kisiwa cha Murano. Ushanga wa Venice haukuwa mgeni Afrika Mashariki, maana katika karne ya 19 ulipelekwa pwani kwa wingi, na misafara ikauchukua bara kununulia vyakula na pembe. Lakini abiria huyu aghalabu hanunui kitu kikubwa. Chakula chake ki melini, na kitanda chake ki melini. Jioni huondoka na picha zake, na kazi ya kuzibua mifereji na kutengeneza kuta huwabakia wenyeji.

Na wenyeji hao wanapungua. Mwaka wa 1951 mji wa visiwani ulikuwa na watu wapatao 175,000. Mwaka wa 2022 walishuka chini ya 50,000. Karibu na Rialto duka moja la dawa limeweka dirishani tarakimu za idadi ya wakazi, ili kila apitaye aone. Nyumba nyingi zimegeuzwa malazi ya wageni, na kijana anayetaka kuoa na kukaa hapo hapati chumba kwa mshahara wake.

Tarehe 25 Aprili, 2024, mji ulianza kumtoza mgeni wa kutwa euro 5 katika siku 29 za mwaka huo. Mwaka wa 2025 siku ziliongezwa kuwa 54, na aliyechelewa kujiandikisha akalipa euro 10. Wenye kulala mjini hawakutozwa ada hiyo, kwa kuwa wao hulipa kodi ya malazi. Lakini siku ile ya kwanza wenyeji wengine waliandamana, wakisema kwamba mji si nyumba ya maonyesho hata uwe na tikiti mlangoni, na kwamba walichotaka ni nyumba za kukaa.

Hoja yao ina uzito. Fedha ya mgeni ni msaada, nayo si jembe. Nguzo, visima na mifereji vilidumu karne nyingi kwa sababu palikuwa na watu waliolala juu yake na kuamka kuvitunza. Milango ya chuma yaweza kuizuia bahari. Haiwezi kumzuia mwenyeji asihame. Mji wowote unaopenda wageni na uhesabu kwanza vitanda vya watu wake.