Tukishaanua Tanga

Kwa kuchangia msiba, jumuiya yetu ya Watanzania haina mpinzani. Taarifa ikitua kwenye kundi la WhatsApp asubuhi, jioni mweka hazina ana orodha ndefu ya majina, na siku chache baadaye mwili uko kwenye ndege kwenda Dar es Salaam. Kinachotusumbua sisi wa meza ya uhariri ni kinachofuata. Tumeshamchangia nauli ya mwisho mtu mwenye nyumba hapa Uingereza na nyingine kule, huku mjane wake hawezi kugusa hata senti, kwa sababu hakuna karatasi inayosema nani asimamie nini.

Kisa kimoja, bila majina. Marehemu alimtumia kaka yake pesa miaka mingi. Kiwanja kikanunuliwa Goba, Dar es Salaam, nyumba ikapanda hadi lenta, ikakaa, ikaezekwa. Siku ya kununua yeye alikuwa zamu Leicester; aliyesaini mkataba wa mauziano mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni kaka. Kaka si mwizi. Ila naye ana mke na watoto, na alipougua, watoto wake waliona jina la baba yao kwenye karatasi, basi. Vijana wa marehemu, waliozaliwa huku, hata Goba hawaijui iko upande gani wa mji. Ushahidi wao ni picha za ujenzi na risiti za kutuma pesa, zote ndani ya simu ambayo namba yake ya siri aliijua marehemu peke yake.

Na hata jina lingekuwa la baba yao, lingebaki suala la pasipoti. Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima, na Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Hadhi maalumu ya diaspora iliyoingizwa kwenye sheria juzijuzi ni hatua, lakini huombwa, haiji yenyewe. Ni watoto wangapi wa wanajumuiya wanajua kwamba ipo? Wenzetu wa Kenya wamepumua kidogo hapo, maana Katiba yao ya 2010 iliruhusu uraia pacha.

Huku nako mambo yamebadilika. Tangu tarehe 6 Aprili 2025, aliyeishi Uingereza angalau miaka 10 kati ya 20 iliyopita huhesabiwa kodi ya mirathi kwa mali yake yote, popote ilipo. Nyumba ya huku na ya Goba sasa ziko kwenye hesabu moja. Kinachozidi pauni 325,000 hukatwa asilimia 40, na kiwango hicho hakijapanda tangu 2009, wakati bei za nyumba hatuhitaji kuzisimulia. Anayewaachia watoto nyumba aliyoishi huongezewa hadi pauni 175,000 juu ya hizo, na mume na mke wanaoishi huku hurithiana bila kodi. Wengi wetu hatutafika huko, na si aibu. Ila aliyenunua nyumba London miaka ya tisini apige hesabu upya.

Kodi hata hivyo si tatizo letu kubwa. Tatizo ni wosia. Hapa England, mtu akifa bila wosia, mali hugawanywa kwa sheria ya nchi, si kwa kikao cha ukoo wala kwa mafungu ya Kiislamu. Na ndugu zetu waliofunga nikaha huku msikitini tu, bila kuisajili serikalini, wajue kwamba sheria haimtambui mke huyo kuwa mrithi. Wosia wa huku unataka mashahidi wawili waliopo pamoja unaposainiwa. Usimwite mwanao ashuhudie, atapoteza alichoachiwa. Mwenye mali kule anaweza kuandika wosia mwingine na kuuhifadhi RITA, wakala wa serikali ya Tanzania unaotunza wosia, lakini amwambie mwanasheria wa huku. Wosia mpya kwa kawaida huanza kwa kufuta uliotangulia, na mstari mmoja wa Kiingereza unaweza kuufuta ule wa Dar es Salaam bila mtu kukusudia.

Kwa hiyo tunapendekeza fomu ya mfuko wa msiba iongezwe mistari mitatu: una wosia, umehifadhiwa wapi, na nani kati ya watoto wako anajua. Hatuulizi una nini. Wapo wazee watakaosema tunaita kifo; wazee haohao hulipia mfuko wa msiba kila mwezi bila kukosa. Pendekezo limeshafika kwa katibu, na litajadiliwa mkutano mkuu ujao. Mwenye kupinga aje na hoja yake, na ikiwezekana aje na watoto wake.