MAONI: Kiti Kibaya Kinaacha Baiskeli Nyumbani

Ukipita asubuhi katika vijiji vya Lobule kule Koboko, au Imvepi na Rhino Camp upande wa Arua, utaona baiskeli nyeusi zimeegemezwa kwenye kuta za nyumba. Nyingine zina pancha. Nyingine hazina mnyororo. Lakini zipo ambazo ni nzima kabisa, na mwenyewe amekwenda kazini kwa miguu. Ukimwuliza sababu, atacheka. Ukimwuliza tena, atakuambia kwa sauti ya chini: "Kile kiti kinaniumiza."

Mimi pia nilikuwa hivyo. Nilipopewa baiskeli ya kazi ya afya ya kijiji nilifurahi sana, lakini baada ya wiki mbili niliiacha nyumbani. Niliona haya kutaja mahali panapouma. Wiki hiyo kulikuwa na nyumba moja ng'ambo ya kijito ambayo sikuifikia. Mtoto wa pale alishikwa na homa, na mama yake akambeba mgongoni hadi kituo cha afya kesho yake. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini sote tunafundishwa kwamba mtoto wa chini ya miaka 5 mwenye homa apimwe malaria na aanze dawa ndani ya saa 24. Kipimo na dawa vilikuwa ndani ya mfuko wangu. Vilichelewa kwa sababu ya kiti.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kiti cha baiskeli si jambo la starehe. Ni kifaa cha kazi, kama buti za mvua au tochi. Na mara nyingi hakihitaji pesa. Kinahitaji spana.

Wengi wetu tukiumia tunakimbilia kufunga sponji nene juu ya kiti. Nami nilifanya hivyo, na maumivu yakazidi. Sababu yake ni hii. Ukikaa vizuri, uzito wako unabebwa na mifupa miwili ya makalio. Unaweza kuigusa ukikalia viganja vyako juu ya benchi. Sponji ikiwa laini mno, mifupa inazama, na sponji inapanda katikati, mahali penye mishipa ya damu na ya fahamu. Hapo ndipo ganzi inapoanza. Sponji nyembamba na ngumu kiasi ni bora kuliko godoro.

Kabla ya kununua chochote, fanya haya:

1. Urefu. Mwenzako ashike baiskeli. Kaa, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande mmoja. Kiti kikiwa juu mno, makalio yanayumba na ngozi inachubuka. Kikiwa chini mno, magoti yanauma na uzito wote unabaki kwenye kiti. Ukimbeba mtu kwenye keria, kishushe kidogo ili miguu ifike chini upesi.

2. Usalama. Ukipandisha kiti, acha bomba lake libaki ndani ya fremu angalau upana wa vidole vinne. Likitoka zaidi ya hapo linaweza kuvunjika.

3. Usawa. Laza kipande cha ubao juu ya kiti kutoka nyuma hadi mbele, kisha laza juu yake chupa ya maji isiyojaa. Maji yakiwa sawa, kiti kiko sawa. Ncha ya mbele ikiinuka, inakubana. Ikiinama sana, unateleza na mikono inachoka.

4. Kaza nati zote mbili, ya chini ya kiti na ya kwenye fremu. Kisha endesha kidogo na upime tena.

Ukimaliza yote hayo na bado unaumia, huenda kiti hakikufai kwa upana. Baiskeli zetu zinaendeshwa mtu akiwa amekaa wima, hivyo uzito mwingi uko nyuma. Ndiyo maana viti vyake ni vipana na vina springi. Wala malalamiko haya si mapya: Mwingereza John Boultbee Brooks wa Birmingham aliandikisha haki ya kiti chake cha ngozi mwaka 1882. Ukipewa kiti chembamba cha baiskeli ya mashindano, kibadilishe kwa fundi. Akina mama wengi wana mifupa ya makalio iliyoachana zaidi, kwa hiyo wao ndio wanaoumizwa zaidi na kiti chembamba. Dada zangu, angalieni pia mkunjo wa kitenge chini yenu. Mkunjo ule peke yake unatosha kuchubua ngozi.

Ukisikia ganzi njiani, shuka utembee mpaka iishe. Ukitoka safari, oga na ujikaushe vizuri. Ganzi isiyoondoka, jipu, kidonda kisichopona au maumivu wakati wa kukojoa, usivifiche. Nenda kituo cha afya. Mhudumu ameona mengi, hatakucheka.

Nina neno pia kwa wanaotugawia baiskeli. Barabara ya Arua kwenda Koboko ina lami sasa, lakini njia zinazofika kwenye nyumba za watu ni za udongo na mawe. Mnapohesabu baiskeli zilizotolewa, hesabuni pia zinazotembea baada ya miezi mitatu. Kila kijiji kipewe walau seti moja ya spana. Na siku ya kugawa, kila mtu arekebishiwe kiti kabla ya kuondoka, maana mtu mfupi na mtu mrefu hawawezi kukalia urefu mmoja.

Nawe msomaji, usingoje siku hiyo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Azima spana kwa jirani leo jioni, na ukimaliza kiti chako, rekebisha na cha mwenzako anayeona haya kusema.