Tujuane Kabla Ardhi Haijatikisika Tena

Ndugu zangu mliotoka Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda na Burundi, mnaoishi Tokyo, Saitama, Chiba, Yokohama na kwingineko katika nchi hii ya Japani, nawaandikieni mwishoni mwa Aprili hii ya 2011, ilhali ardhi haijatulia bado, niwaombe jambo lisilohitaji mali nyingi wala ruhusa ya mkubwa yeyote: tuandikane majina, tuulizane hali, na tuingie katika jumuiya za mitaa tunayokaa, lisije tetemeko jingine likatukuta kama lile la Ijumaa ya tarehe 11 Machi lilivyotukuta, kila mmoja peke yake, simu mkononi, na hana mlango wa kubisha.

Yaliyotokea saa nane na dakika 46 mchana ule hayahitaji kusimuliwa kwenu. Kitovu kilikuwa chini ya bahari mbele ya pwani ya kaskazini mashariki, kipimo kikawa 9.0, na maji yaliyoinuka baadaye ndiyo yaliyoangamiza miji ya Iwate, Miyagi na Fukushima. Waliothibitishwa kufa wamekwisha pita 14,000, na wengine zaidi ya 10,000 hawajulikani walipo. Sisi wa Kanto, yaani Tokyo na mikoa jirani, tulisalimika, alhamdulillahi, lakini treni zilisimama na watu wakatembea kwa miguu hadi usiku wa manane, simu za mkononi zikaziba, ilhali simu za kijani za vibandani zilikuwa zikipiga bure, na nambari 171, ambayo mtu huiachia sauti yake ili jamaa zake waisikie, ilifunguliwa jioni ile ile. Wengi wetu hatukuyajua hayo mawili, kwa kuwa hapakuwa na wa kutuambia.

Nitawatolea mfano wa mita ya gesi. Mita hizi zimeundwa zijifunge zenyewe ardhi itikisikapo kwa nguvu, usije ukazuka moto, na taa ndogo nyekundu huanza kuwaka na kuzima usoni pake. Kuifungua si kazi: utazima majiko yote, utaondoa kifuniko kidogo, utabonyeza kitufe, utangoja dakika 3, na taa ikitulia gesi imerudi. Maelezo yake huwa yametundikwa hapo hapo, kwa Kijapani. Namfahamu kijana mmoja wa kwetu, mwanafunzi, aliyekaa siku kadhaa katika baridi ya Machi bila ya maji moto wala chakula cha moto, akiamini kwamba mabomba ya mji mzima yamepasuka, mpaka mzee wa Kijapani wa mlango wa tatu, alipomwona akipanda ngazi na mkate mkavu na kumwuliza kwa ishara, alitoka na kurunzi, akainama mbele ya mita, akabonyeza, akasimama kuitazama taa mpaka ilipotulia, akaenda zake. Siku zote hizo mzee alikuwapo, na kijana alikuwapo, na katika mwaka mzima wa ujirani hawajapata kuamkiana.

Kisha ikaja khofu ya kitu kisichoonekana wala kunuswa. Vinu vya nyuklia vya Fukushima vilipoharibika na watu wa umbali wa kilomita 20 kuhamishwa, na tarehe 23 Machi serikali ya jiji la Tokyo ilipotangaza kwamba maji ya kituo cha kusafishia maji cha Kanamachi yana iodini ya mionzi ya bekereli 210 kwa lita, ilhali kiasi kisichofaa kupitwa kwa watoto wachanga ni 100, chupa za maji zilitoweka madukani kwa muda wa saa chache. Na tarehe 12 mwezi huu ajali ile ikapandishwa hadi daraja ya 7 ya kipimo cha kimataifa cha ajali za nyuklia, ambayo kabla yake ilifikiwa na Chernobyl peke yake. Katika hali hiyo simlaumu hata kidogo aliyekwenda ofisi ya uhamiaji ya Shinagawa akapanga foleni ya kibali cha kurejea, kisha akapanda ndege na watoto wake. Ninalolihuzunikia ni kwamba kila mtu alikata shauri gizani, kwa habari alizookota. Uvumi wa kwamba moto wa matangi ya gesi huko Chiba utaleta mvua ya sumu nao uliniwasilia kwa Kiswahili fasaha, bila ya jina la aliyeusema wala tarehe, na kabla ya magharibi ulikwisha rudi kwangu kutoka Dar es Salaam, safari hii ukiwa na maiti ndani yake.

Na uvumi, ndugu zangu, mgeni ana sababu ya kuuhofu kuliko mwenyeji. Tarehe 1 Septemba 1923, miji hii ya Tokyo na Yokohama ilipoangushwa na tetemeko na kuungua, palizuka maneno kwamba Wakorea wanatia sumu visimani na kuchoma nyumba. Hayakuwa na asili, lakini vikundi vya wenye silaha vilisimama njiani, na Wakorea kwa maelfu waliuawa, pamoja na Wachina na hata Wajapani waliodhaniwa kuwa wageni kwa matamshi yao. Sisemi kwamba hayo yatarudi. Majirani niliowaona mwezi uliopita, waliosimama kwa safu kungojea maji na kumpisha mama mwenye mtoto, wako mbali na zama hizo. Nasema tu kwamba mtu anayejulikana mtaani mwake kwa jina na sura ana hifadhi ambayo pasipoti haimpi.

Tazameni Kobe mwaka 1995. Tetemeko la alfajiri lile liliua watu zaidi ya 6,400, na walio wengi katika waliotolewa hai chini ya vifusi walitolewa na jamaa na majirani, kwa mikono na misumeno ya nyumbani, kabla gari la zimamoto halijafika. Katika kata ya Nagata, Wakorea na Wavietnam, watu wa viwanda vya viatu, hawakungoja kutafsiriwa: walianzisha redio ndogo za lugha zao, wakatangaza maji yanagawiwa wapi na fomu zijazwe vipi. Hao hawakutuzidi elimu wala fedha, waliwahi kujuana.

Basi naomba kila mkoa apatikane mmoja wa kushika daftari la majina, anwani na simu za wasemao Kiswahili walioridhia kuandikwa, na kila jina lipewe watu wawili watakaoliulizia ardhi ikitikisika, ili ubalozi ukitaka habari, na mzazi aliyeko Tanga au Kisumu akitaka habari, jawabu lipatikane bila ya kukisia. Wasomao Kijapani vizuri miongoni mwetu wana deni kwa wengine: wachague tangazo la serikali, walitafsiri, waweke tarehe na idara iliyolitoa, na lisilo na viwili hivyo lisipelekwe kwa mtu. Wala tusiwasahau waliohamishwa. Watu wa mji wa Futaba, ulioko kando ya vinu vile, wamehifadhiwa sasa Kazo, mkoani Saitama, katika skuli iliyokuwa imefungwa, wakilala madarasani wasijue watarudi kwao lini; sisi tuujuao uchungu wa kuwa mbali na nyumbani tunapaswa kwenda kuuliza wanahitaji nini, na tukiambiwa ni mikono ya kubeba masanduku, tubebe.

Mazoezi ya maafa ya mitaa hufanyika kila mwaka karibu na tarehe 1 Septemba. Tuna miezi minne. Jumapili hii kila mmoja na aende kwa mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa wake, ile iitwayo chonaikai, achukue zawadi ndogo kama ilivyo ada ya hapa, aseme jina lake na nambari ya chumba chake, aulize skuli ya kukimbilia ni ipi, kisha apite njiani akaione kwa macho yake, na akirudi amwonyeshe Mswahili aliye karibu naye mita ya gesi ilipo.