Neno la Mhariri: Hakutuaga, Alitawazwa

Alhamisi ya Kupaa Bwana ikifika, London haina habari. Treni zimejaa tangu alfajiri, ofisi ziko wazi, watoto wako shuleni, na mwenye zamu ya usiku anatoka kazini akiwaza kitanda. Ujerumani na Ufaransa siku hiyo ni mapumziko ya taifa zima, na Burundi vilevile. Hapa ni siku ya kazi kama nyingine. Hata makanisani imesukumwa huku na huku: mwaka 2006 maaskofu Wakatoliki wa England na Wales waliihamishia Jumapili, kisha wakairudisha Alhamisi kuanzia mwaka wa Kanisa ulioanza Desemba 2017. Kwa hiyo Mei 2018 Wakatoliki wa jiji hili waliiadhimisha tena siku ya arobaini, kwa hesabu ile ile ya Luka katika Matendo ya Mitume.

Kalenda ikinyooshwa ni jambo la kushukuru, ila tatizo letu halijaishia hapo. Wengi wetu hatuna hakika tunasherehekea nini. Pasaka tunaijua: kaburi liko wazi, kifo kimeshindwa. Pentekoste tunaijua: Roho ameshuka, Kanisa limepata nguvu. Kupaa tunakuvuka haraka, kwa sababu moyoni tumeshaamua kwamba ni siku ya kuagana, na nani anafurahia kuagana? Toleo hili limeandaliwa kupinga wazo hilo. Dai letu ni kwamba Kupaa ni siku ya kutawazwa. Binadamu mwenye mwili na makovu amekalishwa mahali pa mamlaka yote, na anayeamini hivyo hawezi tena kumwogopa mtawala yeyote kama mungu, wala kuudharau mwili wa mtu yeyote kama takataka.

Mahubiri ya siku hii, hasa kwetu tulio mbali na nyumbani, yana mfano wake unaopendwa. Yesu, tunaambiwa, ni kama kaka mkubwa aliyetangulia Ulaya. Ameshafika, anahangaikia makaratasi, akiyapata atatuita mmoja mmoja, na kwa sasa anatutumia chochote. Watu huitikia “Amina” kwa sauti, maana kila mtu kanisani anamjua kaka huyo au ndiye yeye mwenyewe. Nao mfano una chembe ya ukweli, kwani katika Injili ya Yohana Bwana anasema anakwenda kuwaandalia wake mahali. Lakini ukiufuata hadi mwisho unaiua sikukuu. Kaka aliye ughaibuni, kwa vyovyote vile, hayupo. Simu haipokelewi, mambo humzidi, miaka hupita. Na waliomsindikiza uwanja wa ndege hurudi nyumbani kimya.

Luka anatueleza jambo tofauti kabisa. Wanafunzi waliomwona Bwana akichukuliwa walirudi Yerusalemu na furaha kuu, wakawa hekaluni daima wakimsifu Mungu. Watu waliolia kaburini wiki chache tu nyuma, sasa wanarudi wakishangilia. Furaha hiyo haielezeki kama walikuwa wameachwa. Inaeleweka tukikumbuka maandiko waliyolelewa nayo. Katika Danieli sura ya 7, mmoja mfano wa mwanadamu anakuja na mawingu, anafikishwa mbele ya Mzee wa Siku, anapewa mamlaka na ufalme usiokoma. Katika Zaburi ya 110, Bwana anakaribishwa aketi mkono wa kuume. Siku kumi baadaye, Petro anasimama mbele ya umati na kuitumia zaburi hiyo hiyo kueleza kilichompata Yesu wa Nazareti. Wingu la Mlima wa Mizeituni, kwa macho yao, lilikuwa wingu la Danieli. Waliona mtu wao akienda kukalia kiti.

Kiti hicho hakipimwi kwa kilomita. Wanamageuzi wa Ulaya waligombana juu ya jambo hili katika mabishano yao kuhusu Meza ya Bwana, yaliyowakutanisha Marburg mwaka 1529. Zwingli alishikilia kwamba mwili wa Kristo uko mbinguni, kwa hiyo hauwezi kuwa ndani ya mkate. Luther alijibu kwamba mkono wa kuume wa Mungu uko kila mahali anapotawala Mungu. Hawakupatana, na makanisa yao hayajafanana hadi leo. Lakini hakuna kati yao aliyefundisha kwamba Kristo amekwenda akawaacha watu wake. Aliye mkono wa kuume anatawala, na utawala wake unafika hapa.

Sasa tuje kwetu. Wakristo wa Afrika Mashariki wanaikumbuka tarehe 3 Juni kama siku ya Mashahidi wa Uganda. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1886 Pasaka iliangukia Aprili 25, tarehe ya mwisho kabisa inayowezekana, kwa hiyo Juni 3 ya mwaka huo ilikuwa Alhamisi ya Kupaa. Kwa kuwa Pasaka huhama na tarehe ya mashahidi haihami, sikukuu hizi mbili zilitengana na uhusiano wao ukafifia. Zimekutana tena mara moja tu, mwaka 1943, na hazitakutana hadi 2038.

Vijana wale, wengi wao watumishi wa ndani ya jumba la Kabaka Mwanga, walihukumiwa Munyonyo mwishoni mwa Mei. Walitenganishwa hadharani: wanaosali upande mmoja, wasiosali upande wa pili. Charles Lwanga, mmoja wao, alikuwa amewabatiza baadhi ya wenzake usiku, akiwemo Kizito, mtoto wa miaka kama kumi na minne. Kisha wakatembezwa hadi Namugongo, wakafungwa huko kwa siku kadhaa wakati kuni zikikusanywa. Asubuhi ya Kupaa Wakatoliki na Waanglikana walichomwa pamoja, waumini wa madhehebu ambayo wamisionari wake walikuwa hawapatani. Wengi katika Waanglikana hao walianzia kwenye Injili za Kiswahili, zilizofasiriwa na Askofu Edward Steere wa Zanzibar, ambazo mmisionari Alexander Mackay alizitumia kusomesha mjini kwa Kabaka.

Kwa nini vijana waliokula mezani kwa mfalme wakakataa amri yake, katika nchi ambayo neno la Kabaka lilikuwa uhai na kifo? Walikuwa wamejifunza kwamba yuko aliye juu ya Kabaka, kwamba huyo ni mtu aliyeuawa kwa amri ya mtawala, na kwamba sasa yeye ndiye atakayewahukumu watawala. Mwanga aliielewa hatari hiyo upesi kuliko wanateolojia wengi. Mtu anayeamini Kupaa anaweza kumtumikia mfalme kwa uaminifu, lakini kuna amri ambazo hatazitii.

Anayetaka kuliona hilo kwa macho hapa London aende Westminster Abbey, asimame mbele ya mlango mkuu wa magharibi, kisha ainue kichwa. Juu ya mlango zimesimama sanamu kumi za mashahidi wa karne ya 20, zilizozinduliwa mwaka 1998. Mmojawapo ni Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Uganda, aliyewahi kusoma Canterbury na London, na kuuawa Februari 1977 baada ya yeye na maaskofu wenzake kumlalamikia Idi Amin kwa barua juu ya mauaji ya raia. Serikali ilidai ni ajali ya gari. Tarehe 6 Mei 2023, Mfalme Charles wa Tatu alipokwenda kupakwa mafuta na kuvikwa taji, aliingia kwa mlango huo, chini ya miguu ya Luwum. Siku kumi na mbili baadaye ilikuwa Kupaa. Sijui mahubiri mangapi ya siku hiyo yaliyaunganisha matukio hayo mawili, lakini jiwe lilikuwa limeshahubiri: wanaovikwa taji duniani hupita chini ya waliokufa kwa ajili ya Mfalme mwingine.

Msomaji makini atatupinga hapa, na ana haki. Je, lugha ya enzi na taji haikutumiwa na madola kutwaa nchi za watu? Uganda ilifanywa himaya ya Uingereza mwaka 1894, miaka minane tu baada ya Namugongo, na wapo waliohubiri kana kwamba kiti cha Kristo na kiti cha Malkia Victoria vilikuwa katika chumba kimoja. Hilo lilitokea, na hatulifichi. Dawa yake imo ndani ya sikukuu yenyewe. Aliyepaa ameondoka machoni pa wote, wenye nguvu na wanyonge sawasawa. Hakuna mfalme anayeweza kusema anamhifadhi katika jumba lake. Hakuna taifa linaloweza kumpa uraia na kuwanyima wengine. Na tuseme la karibu zaidi: hakuna mtume wala nabii wa kisasa anayeweza kudai kwamba Kristo anapatikana kwake tu, kwa ada ya maombi, kwa chupa ya mafuta, kwa kiti cha mbele siku ya mkutano. Biashara hiyo ipo Dar es Salaam, ipo Nairobi, na ipo katika kumbi za kukodi za jiji hili. Kupaa kunaifunga. Njia ya kumfikia Kuhani Mkuu, kama Waraka kwa Waebrania unavyofundisha, iko wazi kwa kila anayekuja kwa ujasiri, na hakuna wa kuketi mlangoni akikusanya kiingilio.

Kuna upande mwingine wa siku hii ambao tunauona ndio mzito kuliko yote kwa maisha ya London. Papa Leo Mkuu, aliyefariki mwaka 461, aliwahubiria Warumi kwamba siku ya Kupaa asili yetu ya kibinadamu iliinuliwa juu ya malaika wote. Hakuwa akizungumzia roho peke yake. Aliyepaa ni yule aliyeonyesha mikono na ubavu, akala samaki mbele ya wanafunzi. Mwili huo hakuuvua mawinguni. Yeye ni mtu hata sasa.

Fikiria hilo ukiwa katika nyumba ya kutunzia wazee, saa kumi na moja alfajiri, ambako wengi wa ndugu zetu wanafanya kazi. Mzee asiyekumbuka jina lake anageuzwa ubavu ili asipate vidonda. Anasafishwa, anapakwa krimu mgongoni, anabadilishwa shuka bila kuinuliwa kitandani, anaambiwa pole kwa lugha asiyoijua. Mfanyakazi mwenyewe mgongo unamuuma, na barua ya uhamiaji iko mezani kwake haijajibiwa. Miili hii miwili, uliozeeka na uliochoka, ina thamani gani katika jiji linalopima watu kwa mshahara na kibali cha kukaa? Imani inajibu kwamba mwili wa aina hiyo hiyo, uliowahi kuchoka na kujeruhiwa, uko mkono wa kuume wa Baba. Kumhudumia mwenye mwili ni kugusa kitu ambacho Mungu amekipa heshima ya juu kabisa. Anayetuombea huko si mgeni wa maumivu, kwa hiyo hatuhitaji kuyapamba maombi yetu ili atuelewe.

Ndiyo sababu Kupaa hakutuachi tukikodolea macho mawingu. Wale watu wawili wenye mavazi meupe waliwauliza Wagalilaya swali lililowarudisha mjini. Parokia ya All Hallows, jirani na Mnara wa London, ina desturi ya zamani inayolishika jambo hili vizuri. Siku ya Kupaa watu hutoka na fimbo ndefu kuzunguka mipaka ya parokia, na kila alama ya mpaka hupigwa fimbo. Mpaka wa kusini uko katikati ya mto Thames, kwa hiyo hupanda mashua na kuyapiga maji. Mtazamaji hucheka, lakini mantiki yake ni nzuri: Bwana ameketi juu, basi nendeni mkajue hasa ni mitaa ipi mmekabidhiwa kuiombea.

Waliorudi Yerusalemu walifanya hivyo hivyo. Walipanda chumba cha juu, wanaume na wanawake pamoja na Maria mama wa Yesu, wakadumu katika kusali. Mwaka 2016 maaskofu wakuu wa Canterbury na York, Justin Welby na John Sentamu, waliwaalika Waanglikana wazirudie siku hizo kati ya Kupaa na Pentekoste kwa maombi, na mwaliko ukavuka mipaka ya madhehebu na nchi. Tunafurahi kwamba mmoja wa walioita ni mwana wa Uganda, hakimu aliyeikimbia nchi yake wakati wa Amin na baadaye kuwa askofu wa Stepney, mashariki mwa jiji hili.

Makala zinazofuata zinaendeleza hoja hii kwa njia zake: ipo inayosoma Waebrania kwa macho ya mwanasheria wa uhamiaji, ipo ya wauguzi, na ipo inayobishana nasi kuhusu taji na dola. Tunakuomba, ndugu msomaji, Alhamisi hiyo isikupite. Omba ruhusa, ingia ibada ya mchana au ya jioni, na kama zamu haikuruhusu, sali ukiwa kazini. Anayetawala ni mtu, ana makovu, na anatujua kwa majina. Kanisa likiacha kuamini hilo litatafuta bwana mwingine, na London haina uhaba wa mabwana.