Usichague Digrii kwa Dakika Kumi za Saiba

Kozi yangu ya chuo niliichagua saiba, kwa dakika kumi hivi, nyuma yangu foleni ya watu sita. Jamaa wa saiba hata hakuinua macho. "Ulipata ngapi?" Nikamwambia B. "Sawa, hapa tutaweka hizi." Nikalipa 1,500 ya maombi, nikampa na yake ya kazi, nikarudi nyumbani kumwambia mamangu, "Mum, mambo iko sawa."

Haikuwa sawa, ni vile tu sikujua. Matokeo yalipotoka, jina la kozi yangu lilikuwa na neno uhandisi. Tukachinja kuku. Mtaani nikaanza kuitwa injinia. Ni mwaka wa pili ndio komredi mmoja aliniuliza, "Lakini si unajua yetu ni Bachelor of Technology?" Nilikuwa sijui. Wahandisi husajiliwa na Engineers Board of Kenya. Wanateknolojia wana bodi yao nyingine, KETRB. Ni njia mbili tofauti, na mimi niliingia moja nikidhani ni ile nyingine.

Wacha nieleweke: kozi yangu si mbaya. Naipenda hata. Kinachoniuma ni kwamba uamuzi wa miaka yangu minne ulifanywa na mtu ambaye hata jina langu alilisoma kwenye skrini.

Na sidhani ni mimi peke yangu. Tangu fomu one tunaimbiwa wimbo mmoja: pata C+ uende uni. Hakuna anayekuambia ukifika pale kwa mlango kuna milango mingine. Ualimu ni miaka minne, uhandisi mitano, udaktari sita. Sheria ni minne, halafu bado kuna Kenya School of Law kabla uitwe wakili. Kama kwenu wewe ndiwe wa kwanza na kuna wadogo wanakungoja, hiyo tofauti ya miaka ni karo ya mtu.

Halafu kuna hii dharau ya diploma. Ukiwa na C- unaweza kuomba diploma kupitia KUCCPS hiyo hiyo, na hata mwenye C+ anaruhusiwa kuichagua. Msee anayejua anataka kuwa fundi wa umeme, tukimsukuma kwa digrii asiyoitaka ndio shangazi zake wajivune, tunamsaidia nani? Ukimaliza diploma bado unaweza kuendelea hadi digrii. Njia ni ndefu, lakini ipo.

Sasa, kabla tovuti ifunguliwe, fanya hivi. Chukua karatasi. Andika kozi unazotaka, na kando ya kila moja masomo inayodai. Pointi za klasta hutumia masomo manne ya kozi hiyo pamoja na matokeo yako yote, na kilele ni 48. Ndiyo maana watu wawili wenye B moja wanaweza kuwa na klasta tofauti kabisa. Linganisha zako na pointi za mwisho za miaka iliyopita, lakini jua hizo si sheria. Zinapanda na kushuka kulingana na walioomba. Kwa hivyo weka moja ya ndoto, lakini usisahau ile unayoweza kuifikia na ungeisoma bila kulia.

Kingine: kuitwa chuo si kulipiwa karo. Ufadhili na mkopo wa serikali unaombwa kando. Kuna watu hupokea barua, wakashangilia, wakakumbuka pesa wiki ya kuripoti. Usiwe huyo.

Najua mtaniambia, "Rahisi kusema, wengine hatuna laptopu wala bando." Ni kweli. Mimi pia sikuwa nazo, ndio nikaenda saiba. Na sina ubaya na watu wa saiba, wanatusaidia sana. Nenda, lakini nenda na karatasi yako. Mwambie akuandikie ulichoamua, asikuamulie. Weka nambari yako ya simu na imeili yako, si yake, kwa sababu ukikosa nafasi awamu ya kwanza utataka kuingia tena kurekebisha. Na kabla hajabonyeza, soma kila neno la jina la kozi. Kila neno. Waliopanga foleni watangoja.

Tena piga simu kwa mtu mmoja anayesoma kozi hiyo sasa hivi. Muulize, "Ukimaliza, utaitwa nani na nani atakusajili?" Mimi ningeuliza swali hilo, tungechinja kuku tukijua tunasherehekea nini.

Wewe nani alikuchagulia kozi? Niambie ukweli hapo chini, na umtumie hii yule mdogo wako aliyemaliza fomu four.